Mfarishi Usiouzwa

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya washonaji wenzangu wa mifarishi, yale matandiko ya vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, tuliokutana Upanga, Dar es Salaam. Wengi mlikuwa kwenye harusi, misiba na safari, na mmeniomba niiweke yote. Hii hapa.

Shikamooni wakubwa zangu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi vijana mliokaa karibu na dirisha, hamjambo?

Mwenyekiti wetu ameniomba nizungumze juu ya vifaa nilivyonunua na kazi nilizonazo mezani. Nitayasema hayo, tena kwa kirefu. Lakini kwanza kuna swali linalotusumbua sote humu ndani. Umekaa na mfarishi wako miezi na miezi. Umekata vipande, umeviunganisha, umetia tabaka la kati, umetia bitana, umepitisha mishono ya kuyashikamanisha matabaka yote matatu, umepinda ukingo kwa mkono. Jirani anaingia, anaushika, anaugeuza, anausifu. Halafu anasemaje?

Anasema: "Unauza bei gani?"

Ukimjibu kwamba hauuzwi, anashangaa: "Sasa unashona wa nini?"

Wa nini? Nani humu hajaulizwa? Katika jiji hili mwanamke akiwa na cherehani, watu wanatafuta kibao mlangoni. Akiwa na jokofu wanauliza barafu. Akiwa na jiko la kuokea wanauliza keki za oda. Siwalaumu, maisha ndiyo yaliyowafundisha. Lakini mzee wangu akinunua king'amuzi ili atazame mpira, nani anamwuliza atapata faida gani? Tunasema anapumzika. Basi na mimi napumzika. Ninapumzika kwa sindano, na ninataka kupumzika huko kuhesabiwe kuwa jambo kamili, lenye haki ya nafasi ndani ya nyumba na haki ya fungu katika bajeti.

Ndugu zangu, niwape kisa cha mama mmoja. Aliitwa Harriet Powers, alizaliwa utumwani huko Georgia, Marekani, mwaka 1837. Baada ya uhuru yeye na mumewe walikuwa wakulima. Mwaka 1886 alipeleka mfarishi wake kwenye maonyesho ya pamba katika mji wa Athens, Georgia. Uso mzima ulikuwa na picha za vitambaa zilizobandikwa kwa mshono, visa vya Biblia: Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, ngazi ya Yakobo, karamu ya mwisho. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, akauona, akataka kuununua. Mama Powers akakataa. Hauuzwi.

Miaka ikapita, hali ya nyumbani ikawa ngumu, akaenda mwenyewe kumtafuta yule mwalimu. Akataka dola 10. Mwalimu alikuwa na dola 5. Mumewe akamshauri azipokee, akazipokea. Lakini kabla ya kuondoka alieleza kila picha, moja baada ya moja, maana yake nini, na mwalimu akaandika. Baadaye alirudi mara kadhaa kuutazama mfarishi wake. Mnasikia hilo? Alirudi kuutazama. Leo uko Washington, katika makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani, na mwingine alioushona baadaye uko katika makumbusho ya sanaa ya Boston. Mwanamke yule alijua thamani ya kazi yake kabla ya makumbusho yoyote kujua, na alijua pia kwamba dola 5 zilikuwa jibu la njaa tu. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba kitu kisichokuwa na bei hakina kazi, namkumbuka mama Powers.

Na hapa ndipo vifaa vinapoingia. Wapo wanaosema: sawa, shona, lakini kwa nini ununue vifaa vya gharama kwa kitu ambacho hakitarudisha hata shilingi? Mimi nasema kitu kisichouzwa ndicho kinachostahili kifaa kizuri. Nguo ya mteja ikiondoka imeondoka. Mfarishi niliomshonea mwanangu nitauona kila nikienda kumtembelea. Ukingo uliopinda nitauona. Pembe zisizokutana nitaziona. Nitaviona mwaka huu na mwaka ujao na mwaka wa baada yake. Kwa hiyo zamu yangu ya upatu ilipofika, nilijua pesa zinakwenda wapi.

Sasa tuje kwenye meza yangu.

Cha kwanza kununua hakikuwa cherehani. Kilikuwa kisu cha gurudumu. Wengine mnakijua, wengine mtakishika leo kwa mara ya kwanza. Ni wembe wa mviringo uliofungwa kwenye mpini, unaviringika juu ya kitambaa na kukikata. Zipo nyembe za milimita 28, za 45 na za 60. Mimi natumia ya 45, inatosha kwa karibu kila kitu. Kisu hiki kilitolewa mwaka 1979 na kampuni ya Olfa ya Japani. Mwanzilishi wake, Yoshio Okada, ndiye aliyebuni mwaka 1956 kile kisu cha kuvunja ncha ya wembe ikishakuwa butu, ambacho mafundi mazulia na wabandika mabango wanacho mifukoni hadi leo. Kabla ya 1979 mshonaji wa mifarishi alichora kila kipande kwa kigezo cha karatasi ngumu, kisha akakata kwa mkasi. Kimoja kimoja. Mfarishi wa vipande mia nne ulikuwa na safari mia nne za mkasi.

Kwa nini kisu kinaushinda mkasi? Angalieni mkasi unavyofanya kazi. Ubapa wa chini unapita chini ya kitambaa, kitambaa kinanyanyuka, na kikinyanyuka mstari unayumba. Kidogo tu. Lakini mimi nilifundisha hisabati miaka mingi, na hicho kidogo nakiogopa. Chukueni mfarishi wa kitanda cha tano kwa sita. Ukitaka uning'inie futi moja kila upande na futi moja miguuni, unahitaji inchi 84 kwa 84. Hizo ni bloku, yaani miraba mikubwa inayounganishwa kuwa uso wa mfarishi, saba kwa saba za inchi 12. Tuseme kila bloku ina vipande vitatu kwa upana. Safu moja ina vipande 21, na vipande 21 vina maungio 20. Sasa kila ungio likipotea milimita moja upande huu na milimita moja upande ule, umepoteza milimita 2 mara 20. Ni sentimita 4. Safu moja imekuwa fupi kwa sentimita 4, na safu ya chini yake, uliyoishona siku nyingine ukiwa umechoka, imekuwa fupi kwa 2. Utaziunganishaje? Utavuta. Ukivuta, mfarishi hautalala kitandani.

Ndiyo maana kisu hakitembei peke yake. Kina rula nene ya plastiki inayoonyesha kitambaa chini yake, yenye mistari ya inchi hadi thumuni ya inchi, na kina mkeka wake wa kukatia ambao alama za wembe hujifunga zenyewe. Vitu vitatu: kisu, rula, mkeka. Ukinunua kimoja bila vingine umenunua tatizo. Na mkeka huo, tafadhali, usiuache ndani ya gari au kwenye kibaraza chenye jua. Kwa joto la Dar es Salaam hili utajikunja, na ukishajikunja haurudi tena kuwa bapa.

Raha ya kisu iko kwenye ukanda. Badala ya kukata miraba, kata kanda ndefu za inchi nne na nusu kwa upana wote wa kitenge. Unganisha kanda tatu kwa urefu: ya giza, ya mwanga, ya giza. Seti nyingine: ya mwanga, ya giza, ya mwanga. Piga pasi. Kisha geuza rula, kata kwa kukingama, kila inchi nne na nusu. Kila mkato unakupa safu ya miraba mitatu ambayo tayari imeshonwa. Panga safu tatu kwa kupishana, bloku ya miraba tisa imekamilika, inchi 12 kamili baada ya mishono kula robo inchi kila upande wa kila mraba. Kitenge cha upana wa inchi 45 kinakupa safu tisa kutoka seti moja baada ya kunyoosha ukingo. Jamani, safu tisa bila kugusa mraba hata mmoja kwa mkono!

Na kwa wapenda pembetatu: mkitaka mraba uliogawanywa pembetatu mbili, chukueni kipimo mnachokitaka baada ya kushona, ongezeni thumuni saba za inchi, kateni mraba, upasueni kwa mshazari. Msiongeze nusu inchi kama kwenye mraba wa kawaida. Mshazari unakula nafasi yake kwenye ncha, na Pythagoras ndiye anayedai hiyo ziada. Wanafunzi wangu waliokuwa wakiniuliza hesabu ile itawasaidia nini maishani, kama kuna aliyemo humu, jibu ni hili.

Neno moja la ukali kabla sijaendelea. Funga wembe kila unapomaliza mkato. Kabla hujaweka kisu mezani, funga. Kabla hujageuka kuitika, funga. Simu ikilia, funga. Wembe ule haubagui kitambaa na kidole, na nyumba zetu zina wajukuu.

Sasa cherehani. Cherehani yangu ya miguu, Butterfly nyeusi, bado ipo na haiendi popote. Kwa kuunganisha vipande haina mpinzani: inashona mshono mmoja ulionyooka, na inaushona vizuri. Umeme ukikatika, yenyewe haina habari. Lakini mfarishi una hatua ambayo Butterfly inaifanya kwa taabu: kupitisha mishono juu ya matabaka matatu. Kutoka kwenye sindano hadi kwenye shingo ya cherehani ya kawaida kuna nafasi ya inchi 6 au 7. Mfarishi wa inchi 84 ukiuviringisha upite hapo, unapigana nao. Mabega yanauma, mshono unavutwa, sindano inapinda. Hii mpya ya umeme ina nafasi ya inchi 11. Kwa mtu asiyeshona, inchi nne ni nini? Kwetu sisi ndiyo tofauti ya kumaliza mfarishi na kuuweka kabatini ukiwa nusu.

Kilichonifurahisha zaidi ya nafasi ni mguu wake wa ziada, yaani kile kipande kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano; huu tunauita mguu unaotembea. Niwaeleze kwa kisa. Binti mmoja wa mtaani kwetu alikuja na mfarishi wake wa kwanza, karibu analia. Vipande vizuri, rangi zimepangwa kwa akili, lakini uso wa juu umejikunja kama ngozi ya mkono uliokaa majini. Alikuwa amekaza uzi, akalegeza uzi, akabadili sindano, akabadili uzi. Kila mtu alimwambia lake. Tatizo halikuwa mkono wake wala uzi.

Geuzeni macho chini ya sindano. Pale kuna meno, yanapanda na kushuka, yanavuta kitambaa kwenda nyuma. Lakini meno yanashika tabaka la chini tu. Tabaka la juu linakandamizwa na mguu ulio laini, linachelewa. La chini linakwenda, la juu linabaki, na la kati linateleza kati yao. Kwenye gauni la kitambaa kimoja huoni. Kwenye matabaka matatu, kwa urefu wa inchi 84, unaona. Mguu unaotembea una meno yake kwa juu. Sindano ikishuka unashuka, meno ya chini yakivuta na yake yanavuta, matabaka yote matatu yanakwenda pamoja. Basi. Yule binti alifumua mstari mmoja mmoja, akapiga bandi upya, ile mishono mirefu ya mkono ya kuyashikilia matabaka, kuanzia katikati kwenda nje, akashona na mguu ule kwangu, urefu wa mshono milimita 3. Mfarishi ukalala bapa.

Nasema haya kwa sauti kwa sababu vipaji vyetu vingi vinakufa hapo. Mtu anadhani hajui, kumbe hana mguu. Na habari njema: mguu huo unauzwa peke yake, na upo wa kutoshea cherehani nyingi za kawaida. Nenda na mguu wako wa zamani dukani ulinganishe kimo chake, usikubali kubahatisha.

Kwa mishono ya kuzunguka, ya maua na mawimbi, mambo yanageuka. Unashusha meno yote yasivute kitu, unafunga mguu mdogo wa duara, na mikono yako ndiyo inayoendesha kitambaa. Mkono wa haraka na cherehani ya polepole unazaa mishono mirefu. Cherehani ya haraka na mkono mzito unazaa vifundo. Hapo hakuna kifaa cha kukuokoa. Fanyeni mazoezi kwenye mabaki, muziki ukiwa unapiga.

Utunzaji nitasema kwa ufupi. Sindano mpya kwa kila mfarishi mpya, saizi 90 kwa matabaka. Fungueni bamba la chini ya sindano, safisheni vumbi la pamba kwa brashi. Msipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu, na chuma cha Pwani kina kutu ya kutosha.

Mama zangu, dada zangu, tunafika kwenye vitambaa, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Wengi wetu tunatazama picha za mifarishi ya Ulaya na Marekani, tunatamani vitambaa vyao. Nauliza: mnatamani nini? Mmepita Kariakoo? Kuna mahali gani duniani mtu anaingia mtaa mmoja na kutoka na rangi zote zile begani?

Tena niwakumbushe khanga yenyewe ilianzaje. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso za mraba za Kireno, ambazo zilikuja zikiwa zimeunganika kwenye jora. Badala ya kukatiwa moja moja, wakataka sita. Wakazigawa tatu tatu, wakazishona tatu juu na tatu chini, wakapata vazi. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima, yenye pindo na mji, na maneno yakaja, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Mmesikia? Khanga ilianza kwa mwanamke kuunganisha vipande. Mababu zetu wa kike walikuwa na jicho letu hili hili: waliona miraba sita, wakaona kitu kikubwa kuliko miraba sita. Anayekuambia kwamba mfarishi wa vipande ni jambo la Wazungu, mpeleke kwenye historia ya leso.

Lakini kitambaa chetu kinataka ukali. Si kila kinachoitwa kitenge siku hizi ni pamba. Chomoa nyuzi mbili, zichome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu. Ukichanganya hizo mbili kwenye bloku moja, pasi ya moto wa pamba itaikunja poliesta, na baada ya kufua mara kadhaa kimoja kitakuwa kimepungua na kingine kiko vilevile. Halafu wanga. Khanga mpya imekaa ngumu kwa wanga. Fua kabla ya kukata. Nyekundu na nyeusi fua peke yake, rudia mpaka maji yatoke safi, kisha ikandamize ikiwa mbichi juu ya kitambaa cheupe uone kama inaacha alama. Wengi mnaamini chumvi na siki zinashika rangi. Hazishiki rangi iliyokwisha chapwa kiwandani. Ni kufua tu, kufua na kufua.

Na tabaka la kati? Msiige mifarishi ya nchi za theluji. Aliye Lushoto au Njombe atie pamba nene. Sisi wa Dar es Salaam, shuka kuukuu la pamba au flana nyepesi linatosha. Sufi wekeni kwenye mito. Ndani ya mfarishi inahama, baada ya muda una mabonge pembeni na utupu katikati.

Sasa kazi zangu. Ninazo tatu, nitazipita mbili haraka.

Wa kwanza ni mfarishi wa mjukuu anayekuja. Miraba tisa, vitenge vya kijani na manjano, mabaki kutoka kwa fundi wa jirani ambaye zamani alikuwa akiyafagia. Sasa ananiwekea kwenye mfuko, nami nampelekea chai. Uso umekwisha, niko kwenye bandi.

Wa pili naushona kwa mkono, jioni, na huu nimejifunza kwa Masiddi wa Karnataka, huko India. Je, mnawajua Masiddi? Ni Wahindi wenye asili ya Afrika, wakiwemo waliotolewa pwani yetu hii ya mashariki. Mababu zao wengi walipelekwa Goa na Wareno kama watumwa. Wale wa Gujarat ngoma yao wanaiita goma mpaka leo. Wanawake wa Karnataka wanashona mifarishi inayoitwa kawandi kwa nguo zilizochakaa. Namna yao ni kinyume na yetu kabisa. Hawaunganishi uso kwanza. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanza ukingoni, wanakunja kiraka na kukishona moja kwa moja juu ya kitambaa kile, kisha kingine, kisha kingine, mishono ya bandi iliyo sambamba inazunguka, inazunguka, mpaka inakutana katikati. Kuunganisha na kushikamanisha kunafanyika kwa mshono ule ule. Pembe nne wanazitia viraka vidogo vilivyokunjwa, wanaviita phula, yaani maua, na bila hayo kwao kazi haijakamilika. Hakuna rula, hakuna kisu cha gurudumu, hakuna umeme. Nimewasifia vifaa vyangu tangu nisimame hapa, na ninawaambia mfarishi huu wa sindano moja na mkasi ndio ninaoukimbilia nikimaliza kuosha vyombo. Vyote viwili vina nafasi yake kwangu. Mistari inayonyooka naitafuta mchana, usiku nauacha mkono uende.

Wa tatu ni khanga za mama yangu.

Mama alipofariki tuligawana nguo zake kama desturi ilivyo. Khanga nzima zilikwenda kwa mabinti, wakwe na dada zake. Zikabaki zile kuukuu, zilizopauka, zilizochanika pindoni, ambazo aliamkia nazo na kupikia nazo. Nikaomba nizikate. Kaka yangu mkubwa akakataa. Akasema nguo za mama haziguswi na mkasi. Mama mdogo naye akanyamaza, na kwetu mama mdogo akinyamaza maana yake hataki. Sikubishana. Nikawasimulia juu ya kijiji kimoja cha Alabama.

Kijiji chenyewe kinaitwa Gee's Bend, kiko kwenye kona ya mto Alabama. Waliokaa pale ni vizazi vya watu waliokuwa watumwa kwenye shamba la pamba pale pale. Wanawake wake walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa, magunia na mabaki, kwa sababu nyumba zilikuwa na baridi na kitu kingine hakikuwepo. Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Akachukua nguo za shambani za marehemu, zenye madoa, zilizopauka, akazishona ziwe mfarishi wa kujifunika, ili amkumbuke. Katika mifarishi ya namna hiyo ya Gee's Bend unaona mahali mfuko ulipokuwa umeshonwa, rangi ya pale haijapauka. Miaka 60 baadaye, mwaka 2002, mifarishi ya kijiji kile ilitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikaichapa kwenye stempu. Lakini mama Pettway hakushona kwa ajili ya stempu. Alishona alale chini ya nguo za mumewe.

Kaka yangu alikaa kimya kidogo, akauliza: "Na maneno yake utayafanyaje?"

Hilo ndilo swali la mshonaji, ingawa yeye hajawahi kushika sindano. Maneno ya khanga utayafanyaje? Ukikata bila kufikiri, utapata "nani ka" upande huu na "ma mama" upande ule. Kwa hiyo nilikata majina kwanza, kila jina ukanda wake mzima, nikaacha robo inchi ya mshono juu na chini ya herufi. Nani kama mama. Wema hauozi. Japo sipati tamaa sikati. Hizo ndizo kanda za kugawa bloku. Miji nimeitoa ikiwa miraba mikubwa, pindo nimezitumia kama ukingo wa nje, kama zilivyokuwa kwenye khanga. Kitambaa kilichochakaa sana nimekishonea kingine chembamba kwa nyuma ili kipate nguvu, na mahali palipochanika nimeacha palivyo, nimepapitisha mishono ya mkono. Katikati nimeweka kisutu chake cha harusi, chekundu, cheupe na cheusi, kipande alichobaki nacho.

Kaka yangu sasa anapita kwangu Jumapili. Anauliza umefika wapi. Mama mdogo ameleta khanga nyingine mbili mwenyewe, bila kuombwa, moja ikiwa na harufu ya karafuu bado. Kwa hiyo mfarishi umekuwa mkubwa kuliko nilivyopiga hesabu, na nimelazimika kuongeza safu nzima upande wa miguuni. Utakaa kwa zamu, nyumba hadi nyumba, na mwenye msiba au mgonjwa ndiye atakayekuwa nao kwanza. Ndiyo kazi yake. Nani atauweka bei?

Nimesema ya kutosha, sasa mikono ifanye. Kwenye meza ile ya kulia kuna kisu, rula na mkeka. Watu wawili wawili, na wembe ufungwe. Kwenye meza ya kati iko cherehani na mguu unaotembea, nimeandaa vipande vya matabaka matatu mjaribu kwa mguu wa kawaida kwanza, kisha kwa ule mwingine, mjionee. Kapu lililo mlangoni ni la mabaki ya vitenge, chukueni, ila yaliyomo kwenye mfuko mweupe hayajachomwa kupimwa, kwa hiyo kibiriti kiko hapo pembeni na bakuli la maji. Mkutano ujao kila mmoja alete khanga moja kuukuu ya nyumbani kwao, iliyofuliwa, na amwulize mwenyewe kabla ya kuileta. Mama wa kilemba cha bluu, wewe ulinyoosha mkono tangu mwanzo. Karibu, swali lako.